Mume wangu kaanguka na baiskeli siku ya tatu ya likizo. Turudi nyumbani au tubadilishe safari? (Tupo Moshi)

Pedali_Njiro, Jumapili saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, nyumba ya wageni maeneo ya Rau. Mume wangu kalala hapa pembeni, mkono wake wa kulia nimeupandisha juu ya mito miwili. Naandika nikiwa nimechoka, mnivumilie nikirukaruka.

Sisi ni wa Arusha, Njiro. Tunaendesha baiskeli pamoja mwaka wa sita sasa, na likizo hii tumeidunduliza tangu mwaka jana. Siku tisa, mimi na yeye tu, watoto wako kwa bibi yao upande wangu. Mpango ulikuwa hivi: Ijumaa Arusha hadi Moshi, Jumamosi kupanda Marangu kupitia Himo, Jumapili kushuka kwenda Ziwa Chala, halafu Jumatatu tuifuate barabara kuu, Mwanga, Same, Mombo, na mwisho kabisa zile kilometa 33 za kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto. Hizo 33 ndizo tulizokuwa tunazifanyia mazoezi kila Jumamosi.

Leo asubuhi tulikuwa tunateremka kutoka Marangu Mtoni. Wanaoijua barabara ile wanajua baiskeli inaenda yenyewe, kazi yako ni kushika breki na kuachia. Mimi nilikuwa mbele. Kwenye kona moja kulikuwa na mchanga umemwagika, nadhani ulidondoka kwenye lori. Mimi nilipita pembeni yake. Yeye tairi la mbele likateleza. Kishindo sikukisikia, nilisikia kina mama wauza ndizi wakipaza sauti nyuma yangu, "Jamani! Jamani!" Kugeuka namkuta kashakaa kitako barabarani, kashika kifundo cha mkono, kofia yake imepasuka upande mmoja.

Tulienda kituo cha afya kilichokuwa karibu. Wakapiga picha moja, wakasema hakuna kilichovunjika, mkono umeteguka tu. Wakamfunga bandeji, wakampa dawa za maumivu, na kumwambia aukande kwa maji ya moto.

Sasa hapa ndipo ninapohitaji mawazo yenu. Yeye anasema niendelee na safari hadi Lushoto peke yangu, atanifuata kwa basi na tutakutana kila jioni. Mama mkwe, aliyeko Machame, kapiga simu mara nne, anasema safari imekwisha, turudi nyumbani nimhudumie mume wangu. Mimi sitaki kumwacha na sitaki kurudi. Tumebakiza siku sita. Na moyoni nina jambo linanisumbua: mimi ndiye niliyekuwa mbele, mwendo ule niliuweka mimi.

Kuna aliyewahi kupitia hili? Mlifanyaje?

Mpare_wa_Mwanga, Jumapili saa 4:05 usiku

Pole sana dada, mpe pole na shemeji. Kuanguka kwenye mteremko ule na kuamka unaongea ni jambo la kumshukuru Mungu. Hilo la kuwa mbele liweke chini, mchanga hukuumwaga wewe.

Babu_Kibosho, Jumapili saa 4:20 usiku

Binti yangu, pole. Mimi ni mtu mzima, nitakwambia ninavyoona. Mgonjwa analala kwake. Nyumba ya wageni si mahali pa kuuguza mtu. Mkono ulioteguka unakandwa na kunyooshwa mapema kabla haujakaa vibaya, na huku kwetu Kibosho wapo wazee wanaoijua kazi hiyo. Mrudishe, apumzike. Milima ya Lushoto haihami.

Fizio_Moshi, Jumapili saa 4:48 usiku

Dada, shikamoo yangu kwa Babu na heshima yote, lakini naomba huo mkono usikandwe na mtu yeyote, na usimwagiwe maji ya moto usiku huu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo na mikono ya walioanguka baiskeli na bodaboda ni kazi yangu ya kila wiki.

Fanya hivi sasa, kabla hamjalala. Mwambie anyooshe kidole gumba kama anayeomba lifti. Kwa juu, kwenye kitako cha hicho kidole, upande wa kifundo, kunatokea kishimo kidogo katikati ya mishipa miwili. Bonyeza hapo taratibu kwa ncha ya kidole chako, kisha bonyeza mahali hapohapo kwenye mkono mzima ili alinganishe. Niambie anasemaje.

Pedali_Njiro, Jumapili saa 5:02 usiku

Nimebonyeza. Mkono wa kushoto hakuna kitu. Wa kulia ameruka hadi mto ukaanguka.

Fizio_Moshi, Jumapili saa 5:15 usiku

Basi mpaka ithibitishwe vinginevyo, huo mkono uhesabuni kuwa umevunjika. Ngoja nieleze kwa nini, maana huenda na wengine humu litawafaa.

Mtu akianguka anatanguliza kiganja. Uzito wote unapita kwenye mfupa mdogo uliopo chini ya kidole gumba, unaitwa skafoidi, ukubwa wake kama korosho na umbo lake halipishani sana nayo. Ufa wa mfupa huu una tabia ya kutoonekana kwenye picha ya siku ya kwanza. Aliyewapiga picha inawezekana kabisa hakukosea kusema hauonekani. Ndiyo maana mgonjwa mwenye maumivu kwenye kile kishimo anafungwa kama aliyevunjika, kisha anarudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Wakati huo ufa huwa umeanza kujionyesha.

Ubaya wake ni huu. Damu inaingia kwenye mfupa huo kutokea upande wa vidole na kurudi nyuma. Ukikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu. Hapo mfupa unachelewa kuunga, au hauungi, na baada ya miaka kifundo chote kinaharibika. Nimewaona vijana waliokandwa miezi miwili, wamekuja kwetu hawawezi kukamua nguo.

Usiku huu: mkono juu kuliko moyo, kitambaa chenye maji baridi dakika 15 kisha pumzika, pete aivue kama bado anayo. Kesho asubuhi nendeni hospitali kubwa, na mseme wazi: aliangukia kiganja na anaumia kwenye kishimo cha kidole gumba. Hayo maneno yanabadilisha namna mnavyopigwa picha.

Babu_Kibosho, Jumatatu saa 12:30 asubuhi

Nimesoma yote. Kijana amesema la maana. Binti, mpeleke hospitali.

Pedali_Njiro, Jumatatu saa 10:15 jioni

Wakuu, tumerudi. Tulifika saa moja na nusu asubuhi, tumetoka saa nane. Nilisema yale maneno kama yalivyo, na daktari akamgeuza mkono, akabonyeza palepale. Picha zimepigwa nne, za pembe tofauti. Ufa bado hauonekani vizuri lakini kasema hatuchezi bahati nasibu, kamfunga hogo (plasta ngumu) kuanzia chini ya kiwiko, na kidole gumba nacho kimo ndani. Picha nyingine baada ya wiki mbili. Fizio_Moshi, sijui nikushukuru vipi.

Amesema miguu yake haina shida yoyote, atembee anavyotaka. Baiskeli hapana.

Kwa hiyo la tiba limekaa. Lililobaki ni la likizo. Nimempigia mwenye nyumba wa Lushoto nikamweleza, kakubali tusogeze hadi mwezi wa saba. Tuna siku tano hapa Moshi, baiskeli mbili na mikono mitatu.

Mpare_wa_Mwanga, Jumatatu saa 10:40 jioni

Si apande kwenye keria tu? Unamwendesha kama zamani tulivyokuwa tunawapeleka wagonjwa zahanati. Au tafuteni ile baiskeli ya watu wawili, yeye akae nyuma akanyage, hashiki breki.

Fizio_Moshi, Jumatatu saa 11:00 jioni

Mkuu, wazo ni la upendo lakini hapana. Akianguka tena atatanguliza mkono uleule, safari hii ukiwa na hogo zito. Na baiskeli ya watu wawili, wa nyuma naye anashika usukani, kila shimo la barabara linapanda hadi kifundo.

Dada, ya kuangalia ni haya: vidole avichezeshe kila saa, kukunja na kunyoosha. Vikiwa vya bluu, vya baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudini hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Ndani ya hogo kutawasha, na asiingize kijiti wala waya wa spoku kujikuna.

Dada_Usariver, Jumatatu saa 2:10 usiku

Pedali_Njiro, nimekuwa nasoma tangu jana nikisita kuandika, maana yetu ilienda vibaya.

Miaka mitatu iliyopita mume wangu aliumia goti tukiwa tunaendesha kwenda Mto wa Mbu. Tukaona tumepata akili: mimi niendelee na baiskeli, yeye tumkodie gari awe ananisubiri mbele na maji na matunda. Siku ya kwanza alinisubiri Makuyuni saa nne nzima. Upepo wa mbele ulikuwa mkali, simu yangu ikaisha chaji, na yeye yuko ndani ya gari juani, goti limevimba, hajui nimegongwa au nipo. Nilipofika nikitweta kwa furaha, hakunisalimia. Tuligombana usiku ule kwa mambo ya tangu uchumba.

Nimelifikiria sana baadaye. Kosa halikuwa kwamba mimi niliendesha. Kosa ni kwamba tulimpa yeye kazi ya kungoja. Mtu mzima aliyeumia, ambaye juzi alikuwa anakanyaga kilometa themanini, ukimfanya mngojaji wa mwenzake unamwumiza mara ya pili. Siku yake nzima inakuwa imening'inia kwenye mwendo wa mtu mwingine.

Nikiulizwa leo ningeanza na yeye. Anaamka saa ngapi kwa maumivu yake? Anapenda nini kisichohitaji mkono? Hilo ndilo lipangiwe saa na mahali. Baiskeli yako iingie kwenye nafasi itakayobaki. Na hiyo nafasi ipo, usijinyime, maana ukikaa siku tano unamtazama kitandani atajiona mzigo.

Pedali_Njiro, Jumatatu saa 3:30 usiku

Dada, nimemsomea ulichoandika, sauti yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo mama anajua."

Tumeongea kama saa mbili. Kumbe kilichokuwa kinamkera zaidi ya mkono ni mimi kumuuliza "unaumwa?" kila dakika. Tumekubaliana: nitauliza mara mbili, asubuhi na jioni. Katikati, akiumwa atasema mwenyewe. Na nikamuuliza kile ulichosema, anapenda nini kisichohitaji mkono. Alijibu papo hapo, kama alikuwa nalo siku nyingi. Anataka kwenda kukaa na baba yake Machame, amsimulie habari za kahawa ya babu, amrekodi kwenye simu. Kila tukienda huko ni Krismasi, watu arobaini, mbuzi, kelele, hajawahi kupata nafasi.

Spoku32, Jumanne saa 1:15 asubuhi

Mimi ni fundi baiskeli Arusha, naomba niseme upande wangu. Hiyo baiskeli ya mzee msiirudishe barabarani kabla haijaangaliwa. Angalieni uma wa mbele pale unapoingia kwenye fremu: rangi ikiwa imechanika kama unywele, chuma chini yake huenda kimeanza kuachia. Zungusha tairi la mbele uone kama rimu inacheza. Mkono wa breki ukiwa umepinda msiunyooshe kwa nguvu, huwa unakatika siku unayouhitaji.

Na kofia iliyopasuka itupwe leo. Povu lake la ndani likishabonyea limemaliza kazi, halirudi. Hata kama ufa ni mdogo, hata kama mliinunua ghali. Imeshalipa.

Pedali_Njiro, Jumanne saa 7:20 mchana

Fundi, kofia tumeikata mkanda ili asiokote mtoto akaivaa. Uma sioni ufa, ila mkono wa breki umepinda. Baiskeli yake imelala chumbani, haitoki.

Mrejesho wa siku ya kwanza ya mpango mpya, maana mmenibeba sana.

Dawa ya usiku inamwacha alale vizuri kuanzia alfajiri hadi saa mbili. Kwa hiyo hayo ndiyo masaa yangu. Nimetoka saa kumi na mbili kasorobo, nikapita mjini na kushuka barabara ya TPC, ile ya kwenda kiwanda cha sukari. Ni tambarare, na asubuhi ile hakuna magari mengi. Waliojaa ni wakimbiaji, maana marathoni ya Kilimanjaro ni mwisho wa mwezi huu na kila mtu yuko mazoezini. Nilipofika kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini nikageuka kuangalia nyuma. Kibo yote iko wazi, na Mawenzi kulia kwake, theluji imeshika rangi ya waridi kwa dakika chache, kisha ikawa nyeupe. Nilisimama. Nilitamani awepo, sitasema uongo.

Na alikuja. Hilo sikulipanga mimi. Aliamka mapema kuliko tulivyotegemea, akamwita dereva wa bajaji aliyetupeleka hospitali jana, wakaelewana elfu kumi na tano kwenda na kurudi. Nikiwa nakunywa chai kwenye kibanda namwona anashuka na kamera shingoni. Hakuwa amekuja kwa ajili yangu, ananiambia, amekuja kupiga picha yangeyange wanaofuata trekta kwenye majaruba. Akanisalimia kwa mkono, akaelekea shambani. Nilimalizia chai yangu nikimwangalia anavyoiegemeza kamera juu ya hogo na kubonyeza kwa kushoto.

Nikirudi mjini kila mtu kwa njia yake. Saa nne jua lilikuwa limeshachoma, na wote tulikuwa tumefika.

Dada_Usariver, Jumanne saa 8:00 mchana

Nimesoma hapo pa yangeyange mara mbili. Mungu awabariki.

Mpare_wa_Mwanga, Jumanne saa 8:30 mchana

Anaoga vipi na hogo? Nauliza kwa sababu shemeji yangu alilowesha lake likawa laini kama uji, akafungwa upya na kulipa upya.

Pedali_Njiro, Jumanne saa 2:45 usiku

Hilo swali lilitusumbua kweli. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na ile mifuko mbadala maji yanapita. Niliuliza maduka mawili nikaangaliwa kama mhalifu. Mwishowe nikachukua mfuko uliokuja na mkate, nikauvisha hadi karibu na kiwiko, na kuufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Tulikuwa na tyubu moja yenye viraka saba, nikaikata pete pana tatu. Inabana bila kuumiza, na maji hayapiti. Tena namwogesha kwa ndoo na kata, mkono ameuinua juu ukutani.

Lakini kuoga si kitu. Kigumu ni kula. Mkono wa kulia ndio uliofungwa. Juzi jioni mgahawani aliletewa ugali na samaki, akautazama tu. Amefundishwa na bibi yake kwamba mkono wa kushoto hauingii kwenye sahani, na pale watu wamejaa. Nikaanza kumlisha, akaona aibu, akasema ameshiba. Alilala na njaa, wakuu, na mimi nilijua ana njaa.

Leo kwenye kile kibanda cha Mabogini yule mama muuzaji aliliona hogo, akaenda ndani bila kusema neno, akarudi na kijiko na kukiweka upande wa kushoto wa sahani ya vitumbua. Halafu akaendelea na kazi zake. Mume wangu alikula vyote sita. Tumenunua kijiko chetu, kinakaa mfukoni mwa shati lake.

Na salamu. Kila mtu anamnyooshea mkono wa kulia, yeye anatoa wa kushoto huku akisema "samahani kwa mkono huu". Kwa siku moja nimeihesabu mara kumi na nane.

Babu_Kibosho, Jumatano saa 12:10 asubuhi

Mwambie atoe kiwiko cha mkono mgonjwa, aliyekuja atakigusa. Sisi wazee tunaelewa, hatuhitaji samahani.

Pedali_Njiro, Jumatano saa 3:10 usiku

Babu, kiwiko kimefanya kazi, asante.

Leo ilikuwa Machame. Yeye aliondoka saa tatu kwa Hiace, amekaa siti ya dirishani upande wa kulia ili hogo lisigongwe na wanaopanda. Mimi nilitoka saa kumi na mbili, nikazunguka kwa barabara kuu hadi njia panda ya Machame kisha kupanda. Kupanda tu, migomba pande zote, watoto wanakimbia pembeni wakihesabu mapigo yangu ya pedali. Nilikuwa na hofu ya kufika kwa wakwe. Mama alishasema mke mwema angekuwa pembeni ya kitanda, na mimi naingia kwake nikiwa na suruali ya kubana na jasho.

Nilikuta mume wangu hayupo sebuleni. Yuko kihambani na baba yake, wameketi ukingoni mwa mfongo, ule mfereji wa shamba, maji yanapita miguuni. Simu imeegemezwa kwenye shina la mgomba inarekodi. Mzee anasimulia jinsi baba yake alivyobeba kahawa kichwani kwenda kwenye chama, na malipo yalivyokuwa yanaandikwa. Alikuwa anavitaja vyama vya zamani kama watu wa ukoo: kile cha wapanda kahawa cha 1925, kisha KNCU, ule muungano wa vyama vya ushirika, wa 1933. Alimwonyesha miti minne ya kahawa iliyopandwa na babu, bado inazaa. Mume wangu ana miaka arobaini na moja, ameipita miti hiyo maisha yake yote bila kujua ni ipi.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Amepika mtori tangu alfajiri, ule wa mzazi, mzito, nyama imeiva hadi inajivunja. Kwa mwanawe akamwekea kwenye kikombe kikubwa cha bati chenye mkono, ili ashike kwa kushoto bila kijiko. Mimi nikasogea kusaidia kuosha vyombo, akanizuia. Akanitazama kuanzia viatu.

"Umetoka Rau na hiyo?"

"Ndiyo mama."

"Kupanda kote huku?"

"Ndiyo mama."

Akachukua bakuli lingine, akanijazia hadi juu, akaongeza na vipande vya nyama. "Kaa," akasema. "Wewe nawe ni mgonjwa wa njaa." Hakusema lingine. Wakati wa kuondoka alimwambia mwanawe, mbele yangu, apande Hiace mapema ili "mwenzako akishuka akute maji ya moto". Nimelia kidogo njiani, kwenye mteremko, mwendo wa taratibu kabisa, breki mkononi.

Babu_Kibosho, Jumatano saa 3:40 usiku

Huyo ni mama. Msalimie.

MumeWaPedali, Alhamisi saa 4:25 asubuhi

Habarini wana jukwaa. Mimi ndiye mgonjwa. Naandika kwa kidole gumba cha kushoto kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Nawashukuru wote. Fizio_Moshi, umeniokolea mkono. Dada_Usariver, umetuokolea wiki.

Nina neno moja kwa mke wangu, na nimeona niliseme hapa kwa sababu hapa ndipo alipoliandika. Siku ile mchanga niliuona. Niliuona mapema kuliko wewe. Kisha nikageuza macho upande wa Mawenzi, nikashika breki ya mbele nikiwa tayari nimelala kwenye kona. Mwendo haukuwa wako. Kila usiku unageuka kitandani na najua unachofikiria. Naomba leo ulale.

Leo hatuendi mbali. Tunakwenda kutembea msitu wa Rau kwa miguu, kuuona ule mvule mkubwa na kuwatafuta mbega. Yeye ndiye aliyechoka, mapaja yamemkaza kwa kupanda Machame.

Fizio_Moshi, Alhamisi saa 6:50 mchana

Nimefurahi kaka. Msituni vaa kiatu chenye meno, mizizi ya kule huwa na utelezi, na mkono uutundike kwa khanga ili usining'inie. Hogo likitoka utahitaji kifaa cha kushikilia kifundo kwa muda. Hapa hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa vifaa hivyo tangu 1981, usihangaike kuagiza mbali.

Dada_Usariver, Ijumaa saa 11:30 jioni

Mnarudi kesho? Mkipita Tengeru shukeni Ziwa Duluti. Njia ya kulizunguka ina kivuli mwanzo hadi mwisho, na ni ya miguu. Mimi na mzee wangu tutakuwa pale saa nane na chapati. Goti lake limepona zamani, ila baiskeli hajagusa tangu Makuyuni. Labda akiongea na mwanamume mwenzake.

Pedali_Njiro, Jumamosi saa 4:00 usiku

Tupo nyumbani Njiro. Yeye alikuja kwa Coaster na baiskeli zote mbili juu ya keria, tairi za mbele zimefunguliwa. Mimi niliendesha hadi Boma Ng'ombe tu, kwa baiskeli ya kuazima ya dereva wa bajaji, aliyetaka ifike kwa mdogo wake pale. Kutoka hapo nikapanda Noah, maana malori ya barabara ile mchana siyapendi na nilishaahidi.

Duluti tumefika. Waume zetu walitangulia kwenye ile njia, sisi nyuma na chapati. Walichoongea sijui. Dada_Usariver anajua aliyoambiwa jioni, akipenda aseme mwenyewe.

Dada_Usariver, Jumamosi saa 4:30 usiku

Ameuliza pampu iko wapi.

Pedali_Njiro, Jumatatu, wiki moja na siku mbili baadaye, saa 9:20 alasiri

Mrejesho, maana niliahidi. Leo ndiyo siku ya 14 tangu afungwe, tumetoka kupiga picha. Ufa upo. Mstari mwembamba katikati ya ule mfupa, haujasogea. Daktari anasema kwa sababu ulifungwa mapema hauhitaji upasuaji, hogo jipya wiki nyingine sita kisha waangalie. Nimemwonyesha picha kijana wangu mkubwa, akasema "kama korosho iliyochanika".

Lushoto ni mwezi wa saba. Spoku32, tunaweza kukuletea ile baiskeli ubadilishe mkono wa breki na kuukagua uma vizuri? Na kofia mbili, yangu nayo ina miaka sita.

Spoku32, Jumatatu saa 9:45 alasiri

Leteni kesho, nafungua saa mbili. Mzee naye aje, nimpime kichwa.